Aliyekula Kondoo wa Mfalme

Asubuhi ya siku ya kumlisha marehemu mfalme, Tabati alikuwa jikoni mwa jumba la Beth-Tura akikata mkia wa kondoo. Kondoo wa huko mkia wake ni mpana kama mto wa kulalia, mafuta matupu, na mafuta hayo hayataki papara. Ukiyakata vibaya yanayeyukia mkononi. Ukiyakata vizuri yanatulia juu ya nyama mpaka sinia lifike langoni. Tabati aliyakata vizuri. Alikuwa msichana wa kutazama sana na kusema kidogo, na mikono yake ilikuwa vivyo hivyo.

Mfalme Attar-Nuri alikuwa ametimiza miaka saba tangu afe. Kila mwaka, zabibu zikishakanyagwa na divai mpya ikishatiwa mitungini, alikuwa akitoka ndani ya jiwe lake jeusi pale langoni, anaketi, anakula kondoo mzima, anauliza habari za Waashuru, kisha anarudi ndani. Alitokea upande wa bega la kushoto, ubavuubavu, kama mtu mnene anayepita mlango mwembamba. Mwaka wa kwanza watu walikuja na watoto mgongoni kumwona. Mwaka wa pili alilalamikia chumvi. Mwaka wa tatu aliacha ini, na tangu hapo ini likawa halipelekwi. Siku hizi watoto waliokuwa wakicheza langoni walisogea tu kumpisha, wakaendelea na mchezo wao.

Wafu wa watu wengine hawakutoka. Kila nyumba ya Beth-Tura ilikuwa na wafu wake, na kila jioni mtoto wa nyumba alimega mkate, akamimina maji kizingitini, akamwita mfu kwa jina lake na jina la baba yake. Lakini watu wale hawakuwa na mawe, na asiye na jiwe hana pa kutokea. Ilisemekana wao hula harufu.

Ndiyo maana mbeba sinia la mfalme alichaguliwa kwa sharti moja tu: asiwe na mfu wake nyumbani. Kabla mfalme aliye hai hajasema maneno makubwa mbele ya watu, mbeba sinia huinama kwenye kijishimo kilichochongwa miguuni pa jiwe, akamnong'oneza marehemu jina lake mara moja, ili aamke. Na ulimi wa mtu ni kama punda. Ukimwachia kamba, anarudi kwenye zizi lake.

Mbeba sinia wa siku zote, bibi mmoja wa ukoo wa wakamua zeituni, alifiwa na mumewe wakati wa mavuno ya shayiri. Karani Nashuhi, aliyetunza mbao za nta zilizoandikwa nyumba zote za mji, akapekua mbao zake kutwa mbili. Beth-Tura ilikuwa imepigana vita mara tatu katika miaka kumi. Kumpata mtu asiye na mfu haikuwa kazi ndogo. Siku ya tatu akaifikia nyumba ya akina Tabati. Palikuwa pameandikwa: Sumki mwana wa Gera, mchonga mawe, amekimbilia Dameski na tindo tatu za mfalme.

Aliyekimbia hajafa. Karani akafunga ubao, akaenda kula.

Sumki alikuwa baba yake Tabati. Ndiye aliyelichonga jiwe la Attar-Nuri, kwa miezi kumi na minne, mfalme akiwa bado hai na anakuja kila juma kujitazama anavyotokeza. Siku ya kulisimamisha jiwe, Sumki alitoka nyumbani alfajiri asirudi. Adhuhuri jiwe lilikuwa limesimama. Jioni karani mwenyewe alifika nyumbani kwake kuulizia tindo.

"Mume wangu hawezi kukimbia," alisema mama yake Tabati, ambaye jina lake ni Barshati. "Viatu vyake hivi hapa mlangoni."

Karani akaandika kwamba alikimbia peku.

Tangu siku ile Barshati hakuwa mke wala mjane. Mjane wa Beth-Tura hukaa upande wa kushoto wa tanuri la mtaa, na huachiwa masazo shambani. Mke hukaa upande wa kulia. Barshati hakuwa na upande. Alioka mikate yake mwisho kabisa, tanuri likiwa limeanza kupoa. Wanawake wenzake hawakuwa wabaya, ila midomo haina komeo.

"Shoga, wa Dameski hajambo?" walimuuliza. "Hajatuma hata zabibu kavu?"

"Mume wangu angekuwa Dameski," aliwajibu Barshati, "mngeshasikia sifa za mawe ya Dameski." Kisha akachukua mikate yake mibichimibichi akaenda zake, shingo imenyooka.

Lakini jioni, mlango ukishafungwa, mama alimega mkate na Tabati akaita. Sumki mwana wa Gera, kula. Aliita kwa sauti ya chini, majirani wasisikie kwamba nyumba ile inamlisha mtu ambaye kwa maandishi yu hai. Aliita hivyo kila jioni kwa miaka saba. Asubuhi mkate waliukuta palepale, mgumu.

Karani alipokuja kumwambia kwamba amechaguliwa, Tabati hakusema neno. Yeye hakuulizwa, ubao ndio ulioulizwa. Tena alikuwa na haja yake. Jamaa za mtoro hawakuruhusiwa kukaribia langoni siku za sherehe, na siku nyingine walinzi waliwaharakisha wapite, kwa hiyo jiwe lile aliliona kwa mbali tu, kama mtu anavyouona mlima. Alitaka kuziona ndevu. Baba yake alikuwa akizizungumzia ndevu zile wakati wa kula mpaka mchuzi unapoa.

"Sikiliza, binti," alisema Mama Shapira, mpishi mkuu, huku akipanga makomamanga pembeni mwa sinia. "Ukifika unainama. Huulizi kitu. Hupigi chafya. Unasema 'Attar-Nuri mwana wa Hazzi', basi. Mara moja."

"Mara moja."

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukijikwaa kidole utachechemea peke yako. Ukijikwaa ulimi tutachechemea jiko zima. Hebu sema nisikie."

"Attar-Nuri mwana wa Hazzi."

"Vizuri. Na usimtazame akitafuna. Hapendi. Hata alipokuwa hai hakupenda, na siku hizo meno alikuwa nayo."

Jua lilipopanda juu ya mnara wa lango, walitoka. Mfalme Barkaya, mwana wa marehemu, alikuwa ameshaketi. Goti lake moja lililia kila alipokaa, kwa sababu ujanani alikimbia miezi miwili kando ya gurudumu la gari la mfalme wa Ashuru, na hiyo kwao ni heshima kubwa. Goti lile alilitaja katika kila hotuba. Kulia kwake walikaa wajumbe wawili wa Dameski, waliokuja kurudia kiapo. Miaka saba nyuma Dameski na Beth-Tura waliapa mbele ya jiwe lile kwamba Bonde la Tini ni la Beth-Tura, na kila mwaka kiapo kilitiwa upya baada ya marehemu kula. Mjumbe wa Samaria alikuwepo pia, lakini alikaa kando kwa sababu za Mungu wake, na zeituni zake mwenyewe kwenye kitambaa.

Tabati alilitua sinia mbele ya jiwe, akapiga magoti, akainua macho.

Aliziona ndevu. Zilikuwa vishungi vilivyojiviringisha, safu kwa safu, na kila kishungi kilimalizikia ndani kama nyumba ya konokono. Alivihesabu bila kukusudia. Vilikuwa arobaini. Aliona mkono ulioshika kikombe, na kucha za mkono, na mstari mwembamba chini ya kila ukucha. Akafurahi. Kisha akauona mguu wa kushoto. Ulikuwa na vidole sita.

Alijua pale pale kwamba mguu ule hakuuchonga baba yake, na kwamba ulimaliziwa na mtu mwingine kwa haraka, jiwe likiwa tayari limesimama. Alijua pia sababu. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshainama, mdomo umeshafika kwenye kijishimo, na mfalme ameshaanza kusema kwa sauti kuu, "Attar-Nuri, meza ya mungu Hadadi iko tayari na yetu iko tayari." Ulimi wa Tabati ukaenda njia uliyoizoea.

"Sumki mwana wa Gera," alinong'ona, "kula."

Aliyetoka hakutokea begani. Alitokea chini, pale jiwe lilipokutana na ardhi, mikono ikitangulia, kama mtu anayetambaa kutoka uvunguni mwa kitanda. Mjumbe mmoja wa Dameski alisogeza miguu kumpa nafasi. Sumki alikuwa na vumbi jeusi kwenye kope. Upande wake wa kulia, toka bega mpaka nyonga, ulikuwa bapa kama mkate, na alikuwa peku. Alimwona Tabati, akampapasa kichwani, akasema, "Umerefuka, mwanangu." Kisha akaketi mbele ya sinia na kuanza na mkia.

Mfalme alimaliza maneno makubwa, akafumbua macho, akamwona mchonga mawe.

"Wewe nani?"

"Sumki, bwana wangu," alisema Sumki, akameza kwanza. "Uniwie radhi. Njaa ya miaka saba haina adabu."

Karani Nashuhi alisogea na ubao wake. "Bwana wangu, huyu alikimbia."

"Nilikimbilia wapi?"

"Dameski. Imeandikwa."

"Kwetu hatukumwona," alisema mjumbe mmoja wa Dameski kwa upole, na watu wa nyuma wakacheka.

Sumki aliweka mfupa chini. Alizungumza bila hasira, kama fundi anayeeleza kwa nini dari imevuja. Alisema kamba ya manyoya ya mbuzi ilikuwa imenyeshewa mvua usiku, na kamba ya namna ile ikilowa hunyumbuka kama matumbo. Alimwambia mnyapara. Alimwambia na karani. Karani akasema siku ilishachaguliwa na nyota haingoji kamba kukauka. Jiwe lilipofika nusu ya kusimama, kamba ilinyumbuka, na yeye alikuwa chini akiweka kabari.

"Mngeweza kulilaza mnitoe," alisema. "Mkaona mnachelewa. Mkasukuma udongo, mkalisimamisha. Haya, lakini niseme haki: limesimama wima. Halijayumba hata unene wa unywele. Hapo nawasifu." Kisha akachomoa tindo tatu kiunoni mwake, akazipanga mbele ya karani kutoka kubwa mpaka ndogo. "Na hizi ulikuja kuziulizia kwangu. Mke wangu hakuwa nazo."

Sasa jambo hili lilikuwa na uzito wake, na kila aliyekuwa pale aliujua. Kwa Waaramu wa Beth-Tura, jiwe lililosimamishwa juu ya damu ya mtu lazima lilazwe kifudifudi, na kiapo chochote kilichoapwa mbele yake ni kama maneno ya mlevi. Wajumbe wa Dameski waliacha kutafuna. Mmoja wao alianza kumtazama mfalme kwa heshima mpya, kama mtu anavyotazama shamba la jirani aliyefiwa.

Mfalme Barkaya alinyoosha goti lake, likalia.

"Binti. Wewe mbeba sinia. Huyu ni nani wako?"

"Ni baba yangu, bwana wangu."

"Yu hai au amekufa?"

Tabati aliinua uso. Aliangalia jiwe. Akisema amekufa, lingelazwa uso kwenye matope, pamoja na zile ndevu na kucha zake. Miezi kumi na minne ya baba yake, na kazi nyingine hatafanya tena. Akisema yu hai, baba alikuwa mtoro na mwizi wa tindo, na mama yake angeendelea kuoka kwenye tanuri lililopoa. Alimgeukia baba. Sumki alikuwa akifuta mafuta vidoleni.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi la kwangu nimeshalisema. Sikukimbia. La jiwe ni la wenye jiwe."

"Amekufa, bwana wangu," alisema Tabati. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyoizoea, yeye aliyekuwa akinong'ona kizingitini kwa miaka saba. "Amekufa kazini. Baba yangu hajawahi kukimbia kazi. Hata mvua hakuikimbia."

Mama Shapira, aliyesimama na mtungi wa divai, aliinua kidevu. Mfalme aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia na kuelewa. Kisha akamgeukia karani.

"Huyu amekula nini?"

"Kondoo, bwana wangu."

"Nyama au harufu?"

Karani aliinama kukagua sinia. "Nyama. Mkia umekwisha wote."

"Wafu wanaokula nyama ni akina nani?"

"Wafalme, bwana wangu."

"Huyu ni mfalme?"

"Ni mchonga mawe."

"Basi yu hai," alisema Mfalme Barkaya. "Andika: Sumki, aliyekimbia, amerudi. Tindo tatu zimepatikana. Amesamehewa. Kesho aripoti ukuta wa kaskazini, wamepungukiwa watu."

Karani akaandika. Watu waliifikiri hukumu ile wakaona haina ufa. Wajumbe wa Dameski waliegemea tena viti vyao. Mmoja alishusha pumzi, akasema tini za bonde lile ni nzuri sana, basi tu.

Hapo ndipo Attar-Nuri alipotoka, bila kuitwa, kwa bega la kushoto. Harufu ilikuwa imemfikia. Aliangalia sinia.

"Nani amekula mkia?"

"Ni mimi, bwana," alisema Sumki, akasogea kumpisha.

Marehemu mfalme akaketi, akaanza na mbavu. Alimtazama Sumki. "Kumbe ndiye wewe unayegonga huko chini kila siku. Tok, tok, tok. Miaka saba sijalala mchana."

"Palikuwa na mchongoko kwenye kitako cha jiwe, bwana. Umenikaa mgongoni, nikaona niusawazishe."

"Mbona hukusema uko chini yangu?"

"Ningesemea wapi?"

Attar-Nuri alitafuna ubavu mmoja wote akifikiri. Akasema mbele ya watu, kwa sauti aliyokuwa akiwaamrisha nayo askari, "Huyu alikufa siku ya kunisimamisha. Nilimsikia." Kila mtu alisikia, hata mjumbe wa Samaria. Mfalme Barkaya akamwangalia karani, na karani akasema neno la marehemu halipokelewi katika hukumu, maana marehemu hawezi kuadhibiwa akisema uongo. Tena nta ya ubao imejaa.

"Kula, baba," alisema Mfalme Barkaya. "Chumvi imetosha?"

"Imetosha," alisema Attar-Nuri. Akauliza habari za Waashuru.

Kiapo cha Bonde la Tini kikarudiwa. Sumki alikuwa ameshakisahau. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wa kushoto wa jiwe.

"Nani kafanya hii?"

Katikati ya watu akajitokeza mtu mwenye mvi aitwaye Kapi, ambaye siku ya kulisimamisha jiwe alikuwa mwanafunzi wake mkubwa. "Ni mimi, fundi. Nilikuwa natetemeka. Nilihesabu mara mbili."

"Ulihesabu mara mbili ukapata sita?"

"Nilipata sita mara zote mbili, fundi."

Sumki alichukua tindo ndogo kabisa mbele ya karani, ambaye hakumzuia, na jiwe la kugongea. Waliokuwapo waliacha mazungumzo yao. Hata wale waliovuta kamba siku ile, na walikuwa wengi pale, walisogea kuona. Hakugonga kwa nguvu. Aligonga kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kidole cha sita kilikatika kizima, kikaangukia mchangani, naye akapasawazisha, akapuliza vumbi, akapitisha dole gumba. Ukitazama usingejua kwamba pamewahi kuwa na kitu. Mjumbe wa Dameski alisema kwao hakuna mtu wa kufanya hivyo, na hakusema kwa kumfurahisha yeyote.

"Umeziona ndevu?" Sumki alimuuliza binti yake, bado kapiga magoti.

"Nimeziona, baba."

"Ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini na moja," alisema Sumki. "Moja iko chini ya kidevu kwa ndani. Mtu haioni."

"Sasa uliichongea nini?"

"Ilikuwa mahali pake."

Akasimama, akajikung'uta, akarudi chini ya jiwe kwa njia aliyotokea, miguu ikitangulia.

Tabati alirudi jikoni na sinia tupu. Mama Shapira alilipokea, akaliosha mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka ishirini, akamwambia mwakani watahitaji kondoo wawili. Hakumgombeza. Karani alipita baadaye kumwarifu Tabati kwamba ataendelea kuwa mbeba sinia, kwa kuwa nyumba yao bado haina mfu.

Barshati alikuwa nyumbani akipembua dengu. Alisikiliza habari yote tangu mwanzo, hakukatiza, mikono inaendelea. Binti yake alipofika kwenye vidole sita akaguna. Alipofika kwenye mkono uliompapasa kichwani, mikono ikasimama.

"Wameandika nini?" aliuliza mwishowe.

"Kwamba amerudi, na amesamehewa."

"Amesamehewa," alisema Barshati. Alilirudia neno lile taratibu, kama mtu anayeuma sega kuona kama kuna asali ndani. Kisha akaendelea na dengu zake mpaka zikaisha.

Kesho yake Sumki aliripoti ukuta wa kaskazini. Waashi wenzake walimpenda, kwa kuwa hakunywa maji yao wala hakuchoka, na alijua kuliangalia jiwe na kusema litapasukia wapi. Mnyapara alimweka mahali pa hatari zaidi, chini ya kamba, akisema huyu mzoefu. Jua likianza kushuka alirudi langoni, akatambaa chini ya jiwe la mfalme. Waliokuja kutoka mbali waliendelea kusoma yaliyoandikwa pale kifuani: Mimi ni Attar-Nuri, nimejenga lango hili, jiwe hili nimelisimamisha mimi. Walisifu. Na mbao za karani zilibaki na maneno yake yote, alikimbia peku, amerudi, amesamehewa, na hakuna aliyeyafuta mpaka mji wenyewe ukaja kuchomwa moto na watu wengine.

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, Barshati alipaka mafuta ya zeituni nywele zake, akazisuka misuko miwili kama wanavyosuka wenye waume, akavaa kitambaa chekundu alichoolewa nacho. Akachukua mkate wa moto, kitunguu, na jibini ya mbuzi kwenye jani la mzabibu. Akamwita Tabati waongozane. Walipita katikati ya mtaa, wala si pembeni, na waliposalimiwa waliitikia.

Kwenye lango la kaskazini mlinzi aliteremsha mkuki njiani. Alikuwa mmoja wa wale waliovuta kamba siku ile, na alikuwa hajawahi kumtazama Barshati machoni tangu hapo.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kumpelekea mume wangu chakula cha mchana."

Mlinzi alitazama misuko, akatazama mkate, akatazama chini. Huko juu ukutani ilisikika tindo ikigonga.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mume wako si alikufa?"

"Muulize mfalme," alisema Barshati.

Mlinzi akauinua mkuki.